Badilisha oili ya gari lako mwenyewe, lakini usiimwage mtaroni



Nyumbani nina faili yenye risiti kumi na moja. Kila risiti ina tarehe, kilomita na maneno yale yale matatu: oili, filta, kazi. Nilisomea stashahada ya uhasibu, kwa hivyo karatasi kwangu ni kitu cha kuheshimiwa, na kwa miaka mitatu nilikuwa nikiitazama faili hiyo na kujipongeza kwamba gari langu linatunzwa. Kila baada ya kilomita 5,000 nilipeleka Probox yangu kwenye gereji moja hapa Mombasa, nikatoa pesa, nikaenda zangu kunywa kahawa, nikarudi nikakabidhiwa ufunguo.

Injini ilianza kugonga nikiwa Kibarani, natoka kisiwani kwenda Changamwe. Kabla ya hapo, kwa wiki mbili hivi, nilipokuwa kwenye foleni ya feri ya Likoni ile taa nyekundu yenye umbo la buli ilikuwa ikiwaka na kuzima. Nilimpigia simu fundi akaniambia, "Hiyo ni sensa tu." Nikaridhika. Kosa hilo ni langu, simsingizii mtu.

Gari lilivutwa hadi kwa kijana mmoja wa Mikindani ambaye nilikuwa simjui. Alifungua kifuniko cha juu cha injini akanyamaza. Ndani mlikuwa na tope jeusi zito, linang'aa kama halua iliyolala. Akaingia chini ya gari na tochi, akatoka na filta mkononi.

"Ami, umesema hii ilibadilishwa lini?"

Nikamwambia mwezi juzi. Akaigeuza nione. Ubavuni ilikuwa na maandishi ya Kijapani, na chini yake namba zilizoandikwa kwa kalamu ya wino mzito. Akafungua mlango wa dereva akanionyesha kile kibandiko cha Kijapani ambacho magari mengi ya mitumba huja nacho, kinachoonyesha oili ilibadilishwa lini mara ya mwisho. Namba zilikuwa zile zile. Filta ile ilisafiri na gari kutoka Japani, ikashushwa nalo Kilindini, na haijawahi kutoka mahali pake. Mara kumi na moja nimelipia filta, na mara kumi na moja ile ya zamani ilipanguswa kwa dizeli ikang'aa.

Nilirudi kwenye ile gereji nikiwa na filta ndani ya mfuko wa plastiki. Mwenyewe aliniambia kwa upole sana kwamba fundi aliyekuwa akilishughulikia gari langu ameshaondoka, rizki imemwita Qatar. Nikabaki na filta yangu. Injini nyingine iliyotumika ilimeza pesa nilizokuwa nimemwekea binti yangu za ada ya muhula wa kwanza, naye akakaa nyumbani mpaka wanafunzi wengine walipoingia mwezi wa Januari. Hakulalamika, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Tangu siku hiyo oili ya gari langu naibadilisha mwenyewe, uani kwetu. Naandika makala haya kwa sababu watu wengi wameniuliza nafanyaje, na pia kwa sababu nimeona baadhi yao wakifanya nusu ya kwanza vizuri kabisa kisha wakaharibu nusu ya pili. Hiyo ya pili nitaifikia.

Lakini kwanza nisieleweke vibaya. Mafundi waaminifu tunao wengi, na yule kijana wa Mikindani ni mmoja wao. Kazi nzito za gari langu zote anafanya yeye. Hata oili, kama huna nafasi ya kuifanya, mpelekee fundi ila usiende kunywa kahawa. Simama hapo, uone filta ya zamani ikitoka na mpya ikiingia. Fundi mwema hachukii kutazamwa.

Sasa tuseme oili yenyewe inafanya nini. Wengi tunajua inalainisha vyuma visisagane. Hiyo ni kazi moja. Inachukua pia joto kutoka sehemu ambazo maji ya rejeta hayafiki, inaziba ule upenyo mdogo kati ya ringi za pistoni na ukuta wa silinda, inazuia kutu, na inabeba uchafu: masizi, chembe za chuma, petroli ambayo haikuungua, na maji. Ndiyo, maji. Petroli ikiungua hutoa mvuke wa maji, na sehemu yake hupenya hadi kwenye oili. Injini ikipata moto sawasawa kwa muda mrefu, maji hayo huvukizwa na kutoka. Lakini mtu anayetoka Tudor kwenda Mwembe Tayari na kurudi, injini yake haijapata moto vizuri ameshazima. Maji yanabaki, oili inachacha, tope linaanza.

Halafu kuna foleni zetu. Ukikaa dakika arobaini Likoni au kwenye daraja la Nyali injini ikinguruma, geji ya kilomita haisogei lakini oili inafanya kazi. Ndiyo maana mimi sihesabu kilomita peke yake. Oili ya kawaida naibadilisha kila kilomita 5,000 au miezi sita, kimojawapo kitakachotangulia. Oili ya sinthetiki inavumilia zaidi, hata kilomita 10,000 kwa anayekwenda safari ndefu za Malindi au Voi, lakini kwa gari la mjini sipendi kuivuta mpaka huko.

Na ile filta? Ndani yake mna karatasi iliyokunjwa-kunjwa inayonasa uchafu. Ikijaa, oili haiwezi kupita, na kwa kuwa injini bila oili hufa mara moja, watengenezaji waliweka vali ndogo inayofunguka ili oili ipite bila kuchujwa. Kwa hivyo filta iliyojaa haikupi ishara yoyote. Gari linawaka, linakwenda, unafurahi, na uchafu unazunguka kwenye beringi zako kama msasa. Miaka mitatu langu lilikwenda hivyo.

Tukija kwenye kununua, hapa tuna ugonjwa wetu wa pwani: "Kwetu kuna joto, weka oili nzito." Nimeusikia kwa wazee ninaowaheshimu. Kwenye kopo utaona namba kama 5W-30 au 20W-50. Herufi W ni ya neno la Kiingereza lenye maana ya majira ya baridi, na namba iliyo kabla yake inaonyesha jinsi oili inavyotiririka injini ikiwa baridi. Namba ya pili inahusu uzito wake ikifika nyuzi 100 za selisiasi. Sasa injini ikishapata moto, themostati huishikilia kwenye joto lile lile, uwe Mombasa au Limuru. Magari haya ya VVT-i tunayoendesha yana vijitundu vyembamba ambavyo oili lazima ipite upesi, na injini kama 1NZ iliyo kwenye Probox na Vitz nyingi za sisi 1,500 ilitengenezewa oili nyepesi ya 5W-30. Ukiitia 20W-50, kila asubuhi unapoiwasha oili inachelewa kufika juu, na sehemu kubwa ya kulika kwa injini hutokea katika zile sekunde za mwanzo. Injini iliyochoka, inayokunywa oili, fundi anaweza kukushauri upande kidogo hadi 10W-40, na hiyo naielewa. Lakini 20W-50 iache kwa lori kuukuu na Peugeot ya marehemu babu. Kitabu cha gari ndicho cha kufuatwa, na kama chako ni cha Kijapani kitupu, kifuniko cha kutilia oili mara nyingi kimeandikwa namba.

Tazama pia herufi za API. Kwa petroli zinaanza na S, kama SN au SP, na SP ilitoka 2020. Kwa dizeli zinaanza na C. Kadiri herufi ya pili inavyosogea mbele katika alfabeti, ndivyo oili ilivyo ya kizazi kipya.

Kisha kuna oili bandia, na huu ndio mtego mkubwa. Kazi ya matapeli ni rahisi: wanakusanya makopo matupu ya kampuni zinazojulikana, wanatia oili ya bei ya chini au hata oili chafu iliyochujwa ikawa nyekundu-nyekundu, wanafunika, wanauza. Nunua kituo cha mafuta au duka unalolijua, chungulia kama pete ya kifuniko haijakatika na kama ile karatasi ya kuzibia mdomo imeshika sawasawa. Kwenye alama ya ubora ya KEBS kuna namba ya kibali. Andika SM# ikifuatwa na namba hiyo, tuma kwenda 20023, na jibu litakutajia kampuni na bidhaa. Likikutajia kitu kingine kabisa, rudisha. Na wewe mwenyewe ukimaliza oili, toboa kopo tupu kwa msumari moto kabla ya kulitupa. Makopo mazima yenye vifuniko ndiyo yanayorudi dukani.

Haya, kazi yenyewe. Mimi huifanya Jumapili baada ya Alfajiri, jua halijakali. Kabla ya siku hiyo ninakuwa tayari na oili ya kutosha (1NZ huchukua lita 3.7 pamoja na filta, kwa hivyo kopo la lita nne linatosha na kubakisha), filta mpya, washa mpya ya nati ya sampu, spana namba 14 kwa Toyota nyingi au 17 kwa Honda na Subaru nyingi, karai pana, faneli, matambara, na glavu. Glavu ni muhimu kuliko unavyodhani. Oili iliyotumika ina vitu ambavyo vikizoeana na ngozi miaka na miaka huleta hata saratani. Na kuna jambo jingine ambalo sisi tunalijua: oili nzito iliyoganda chini ya kucha inazuia maji ya udhu yasifike, na utakaa bafuni na dodoki mpaka adhana ikupite.

Washa injini kama dakika tano, izime. Unataka oili iwe ya uvuguvugu, ili itiririke na ibebe uchafu wake, lakini isiwe ya kuunguza.

Hapa kwenye kupandisha gari nitasimama kidogo, maana kosa katika oili linaua injini, ila kosa hapa linaua mtu. Jeki ni ya kunyanyulia, si ya kushikilia. Usiingie chini ya gari lililosimama kwa jeki peke yake, hata kwa sekunde kumi, hata kwa kuokota spana iliyodondoka. Weka gari mahali tambarare pagumu. Uani kwetu ni mchanga, kwa hivyo chini ya jeki naweka ubao mpana mnene, vinginevyo inazama upande. Vuta breki ya mkono, weka gia P au namba moja, zuia magurudumu ya nyuma kwa mawe mbele na nyuma. Kisha nyanyua, weka stendi mbili za chuma mahali palipoonyeshwa kwenye fremu, shusha gari likae juu ya stendi, ulisukume kwa nguvu kuona kama linatikisika. Nimewaona majirani wakitumia tofali za matumbawe tunazojengea nyumba. Jiwe la matumbawe lina vitundu ndani, linabeba ukuta miaka mia kwa sababu uzito umetandazwa, lakini likipata uzito kwenye sehemu moja ndogo linapasuka ghafla bila kulia. Matofali ya simiti nayo ni vivyo hivyo. Kama huna stendi, azima, au tafuta gereji yenye shimo ukalipie kutumia tu. Na asiwepo mtu peke yake. Mimi huwa na binti yangu, anashika tochi na kunichekea.

Fungua kwanza kifuniko cha kutilia oili kule juu, ili hewa iingie na oili ishuke vizuri. Baadhi ya magari yana ngao ya plastiki chini, ifungue. Sampu ni ile bakuli ya chuma chini kabisa ya injini, na nati yake iko sehemu ya chini. Usiichanganye na nati ya giaboksi. Mtu wa mtaani kwetu alimwaga oili ya gia, akaongeza oili ya injini juu ya ile iliyokuwepo, akaendesha gari lisilo na oili ya gia hata tone. Ukiwa na shaka, muulize fundi siku moja akuonyeshe kwa kidole.

Nati inafunguka kinyume cha mshale wa saa, ukiwa umeitazama uso kwa uso. Ukilala chali akili hugeuka, na watu wengi huikaza wakidhani wanaifungua mpaka wakaharibu uzi. Ilegeze kwa spana, malizia kwa vidole huku ukiisukuma juu, kisha iondoe kwa mara moja na mkono wako uukwepeshe. Oili itaruka kwa mbali kidogo mwanzoni, kwa hivyo karai liweke mbele zaidi ya unavyodhani.

Iache itoke robo saa. Wakati huo itazame, maana oili inazungumza. Weusi peke yake si kitu kibaya. Oili nzuri inasafisha, na kinachosafisha huchafuka, hasa kwenye dizeli ambako huwa nyeusi siku za mwanzo tu. Ukiona rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, pengine gasketi ya silinda hedi imekwenda, na hapo usiwashe gari tena mpaka fundi alione. Ukiona vumeta vya chuma vinavyong'aa kama magamba ya samaki, beringi zinakufa. Mwangaza huu huupati ukiwa umekaa mkahawani.

Filta ifungue kwa mkono au kwa kifungulio chake. Ikitoka, pitisha kidole pale ilipokaa uhakikishe ule mpira wake wa duara umetoka nayo. Ukibaki umenata, ukafunga filta mpya juu yake, mipira miwili itapishana na oili yote itamwagika barabarani kwa dakika chache. Mpira wa filta mpya upake oili safi kwa kidole. Izungushe kwa mkono mpaka mpira uguse, kisha ongeza robo tatu ya mzunguko. Kwa mkono tu. Anayeikaza kwa spana anajiandalia tabu ya kuifungua. Kabla ya kuifunga, mimi huandika juu yake tarehe na kilomita kwa kalamu ya wino mzito. Naam, nimejifunza kwa Wajapani.

Nati ya sampu irudishe na washa yake mpya, anza kwa vidole ili uzi ukamate, malizia kwa spana, imara lakini bila hasira. Sampu nyingi ni za bati au alumini laini, na uzi ukishalika gharama yake utaijua.

Shusha gari. Tia lita tatu na nusu kwanza, usimimine yote. Washa injini. Taa ya buli lazima izime ndani ya sekunde chache. Isipozima, zima injini upesi. Ikizima, acha injini dakika moja, chungulia chini kama kunavuja, kisha zima na usubiri dakika tano. Chomoa kijiti cha kupimia, kipanguse, kirudishe, kichomoe tena. Oili iwe kati ya alama mbili, karibu na ya juu, isiipite. Wako wanaodhani kuzidisha ni kheri. Oili ikizidi, krenki huipiga ikawa povu kama sabuni, na povu halilainishi chuma. Kazi yote ni kama saa moja, mara ya kwanza mbili.

Sasa ile nusu ya pili. Unalo karai la oili nyeusi, lita tatu na zaidi, na jua limeshapanda. Unaipeleka wapi?

Nimewaona watu wazima, wenye kuswali safu ya mbele, wakiibeba karai hadi kwenye mtaro wakamimina. Mtaro wa Mji wa Kale unaishia baharini, wa Tudor unaishia kwenye mkono wa bahari, wa Mikindani vivyo hivyo. Hakuna mtu anayeuchuja kule mwisho. Mwingine humwaga kwenye mchanga uani, na mchanga unaimeza akafurahi kwamba imekwisha. Chini ya mchanga ule kuna mwamba wa matumbawe wenye vitundu, na ndani ya mwamba huo ndimo maji ya visima vyetu yanamopita. Misikiti mingi na nyumba nyingi za kisiwani na Kisauni bado zinateka kisima maji yanapokatika, na yanakatika mara ngapi mnajua. Shirika la mazingira la Marekani, EPA, linasema oili ya kubadilisha mara moja tu inaweza kuharibu galoni milioni moja za maji matamu. Galoni yao ni kama lita 3.8, yaani kwa makadirio ni ile ile oili ya Probox yangu.

Baharini ni hadithi nyingine. Mwaka 2005 meli ya mafuta ilivujisha mafuta ghafi katika bandari ya Kilindini, na mikoko ya upande wa Port Reitz ikafa. Watu wa Mikindani na Jomvu wanaokumbuka watakueleza. Mti wa mchu hupumua kwa ile mizizi inayochomoza kwenye matope kama kalamu. Mafuta yakiipaka, mti unakosa pumzi na kukauka uliposimama. Kamba na kaa wanalelewa humo, na samaki wengi wanaoishia sahanini petu. Karai lako ni dogo ukilinganisha na meli, ni kweli. Lakini hesabu magari, tuktuk na bodaboda za mji huu, kisha hesabu kila moja inabadilishwa oili mara ngapi kwa mwaka, halafu uniambie kama bado ni kidogo.

Sheria ipo. Kifungu cha 93 cha Sheria ya Mazingira ya 1999, inayosimamiwa na NEMA, kinakataza kumwaga oili na vitu vyenye sumu katika mazingira, na anayemwaga ndiye anayebeba gharama za kusafisha. Sijaona wakimkamata mtu kwa karai moja, na sitakutisha kwa hilo.

Wengine husema wana matumizi nayo: kupaka miti ya paa na vigingi vya ua ili mchwa wasile, kupaka mbuzi wenye kupe. Mzee mmoja barazani alinikumbusha kwamba vyombo vya zamani vilipakwa sifa, mafuta ya papa, na mbao zikadumu. Ni kweli mzee wangu, lakini sifa ilitoka kwa samaki. Oili ya injini ina masizi na metali, mvua inaisuuza ikashuka pale pale kwenye kisima, na mbuzi uliyempaka anajilamba.

Mimi ninafanya hivi. Oili yote naimimina kwa faneli kwenye dumu la lita tano. Filta ya zamani naitoboa kichwani kwa msumari, naiinamisha juu ya karai usiku kucha, maana humo ndani hubaki oili si haba. Dumu naliandika OILI CHAFU kwa rangi nyekundu, pande zote mbili, naliweka juu mbali na jikoni, kwa sababu madumu yetu yote yalikuwa ya mafuta ya kupikia na msichana wa kazi au mtoto hawezi kubahatisha. Sichanganyi na kitu: maji, petroli, rangi, maji ya rejeta. Ikichanganywa, wanaoikusanya hawaitaki.

Ndiyo, wako wanaoikusanya. Vituo vingi vya mafuta vyenye sehemu ya kubadilisha oili vina mapipa ya oili iliyotumika, na kampuni zenye leseni hupita kuyachukua, ikasafishwa itumike tena au ikachomwa kwenye tanuri za viwanda. Gereji kubwa nazo zinayo. Nilipokwenda kituo cha karibu na kwetu mara ya kwanza, kijana wa pampu alinitazama kama nimechanganyikiwa.

"Mzee, unataka kuuza?"

"Sitaki kuuza, nataka kuitua tu."

Alimwita msimamizi wake, wakateta kidogo, wakanionyesha pipa nyuma ya ofisi. Siku hizi akiniona nashuka na dumu ananifungulia kifuniko mwenyewe. Si kila kituo kitakubali, kwa hivyo ulizia kabla hujabeba, na kama mtaani kwenu mko watano au sita mnaobadilisha wenyewe, kusanyeni kwenye pipa moja mpeleke kwa safari moja. Sisi tumeanza hivyo, tuko wanne. Wa nne ni yule jirani aliyekuwa akimwaga mtaroni. Alikuja mwenyewe Jumapili iliyopita, na dumu lake mkononi, akiuliza kama tayari tumekwenda.